Kumi na Saba Hataki Kuota

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua ya kwanza. Tunis nzima inanuka vumbi lililolowa, na dari la maabara limeanza kuvuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya mizani.

Nimenunua daftari hili kwa sababu Profesa Tijani amenikemea. Alifungua daftari langu la maabara akakuta nimeandika, "Kumi na Saba leo ana raha." Akanirudishia kwa vidole viwili kama soksi ya mtu. "Emna, daftari la maabara ni la yaliyotokea. Mapenzi yako na bakteria kayaandike kwingine." Haya, kwingine ndiko huku.

Yaliyotokea ni haya. Mwezi wa Machi nilichimba udongo chini ya mwaloni mmoja kule Ain Draham, kwenye msitu ambao watu huambua magome ya miti kutengeneza vizibo. Nikakoroga kijiko cha udongo huo kwenye maji, nikazimua, nikazimua tena, nikapaka kwenye visahani vya agari, ule uji ulioganda wa kuoteshea bakteria. Wakaota bakteria wa kila namna, nikawapa namba. Wa kumi na saba ndiye huyu: vitone vya rangi ya waridi, vidogo kuliko kichwa cha pini, tena mvivu, siku saba ndiyo anaonekana wakati wenzake wanajaza kisahani kwa siku moja. Leo yamekuja majibu ya jeni yake ya utambulisho. Jamaa yake wa karibu kuliko wote wanaojulikana duniani anafanana naye kwa asilimia 96.8. Chini ya 98.7 mtu unaruhusiwa kuanza kutumaini kwamba ni spishi mpya. Huyu hana jina. Hakuna aliyewahi kumwandika popote.

Ila matumaini yangu yana tarehe. Usajili wangu wa shahada ya uzamivu unakwisha mwisho wa Januari, na umeshaongezwa mara mbili, ya tatu haipo. Ili spishi mpya ikubaliwe, bakteria mwenyewe awekwe akiwa hai katika hifadhi mbili za bakteria, za nchi mbili tofauti, na kila hifadhi imwoteshe kwa mikono yake ndipo itoe cheti. Vyeti viwili na makala moja, mezani kwa kamati kabla ya Januari kwisha. La sivyo miaka sita yangu inaingia kabatini na mimi narudi kwetu Sfax kuulizwa maswali.

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua. Vichupa viwili vya Kumi na Saba vimeondoka, kimoja Ujerumani, kimoja Japani, pamoja na maelekezo ya kumwotesha. Mama kapiga simu kuuliza kama nimepata mtu. Nimemwambia nimepata bakteria. Akakata.

Jumatatu, 13 Oktoba

Bi Mannoubia amefika saa nne asubuhi badala ya saa mbili. Ndiye fundi wa maabara yetu, miaka ishirini na sita sasa anachemsha vyombo na kumwaga agari kwenye visahani. Kwao ni hukohuko Ain Draham. Kila Ijumaa anakwenda, kila Jumatatu anarudi na madumu mawili ya maji ya chemchemi, kwa kuwa maji ya bomba ya Tunis, anasema, yana ladha ya chumvi na uongo. Kahawa ya Profesa haipikwi kwa maji mengine.

"Visahani vyangu viko wapi?" nilimuuliza mlangoni.

"Marahaba, binti," akaitikia salamu ambayo sikuitoa. Akatua madumu, akafungua kilemba kilicholowa. "Barabara imekatika, mlima umeshuka. Kidudu chako kimeamkaje?"

"Kinasubiri visahani tangu saa mbili."

"Ninyi watu wa Sfax! Hata kaburini mtaingia mkitazama saa."

Profesa alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Watu wa milimani hawa, kila kitu kwao ni taratibu na maneno mengi, na mimi ndiye mwenye tarehe. Najua si vizuri kuandika hivi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mashine ya maji imetengenezwa! Ilikufa tangu Februari. Ndiyo ile inayochemsha maji ya bomba na kuupooza mvuke, yanatoka maji matupu yasiyo na kitu. Miezi yote hii Bi Mannoubia amekuwa akichota kwa watu wa kemia ghorofa ya chini. Sasa tunayo yetu, na nimeamua visahani vya Kumi na Saba nitavimwaga mwenyewe. Vipimo vya spishi mpya vinataka kila kitu kiwe sawasawa, gramu kwa gramu. Nilimweleza Bi Mannoubia kwa adabu, nadhani. Akasema, "Sawa, bibie," akaenda kuosha chupa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kipimo cha povu: tone la dawa juu ya koloni, yaani kitone kimoja cha bakteria, likachemka papo hapo. Vizuri. Chini ya hadubini ni vijiti vifupi, viwiliwili, kama watu wanaosengenya.

Alhamisi, 23 Oktoba

Ameota kwenye visahani vyangu, ila amepauka. Waridi imekuwa kama maziwa yaliyoguswa na juisi. Labda baridi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimemhamishia visahani vipya. Ili umwone lazima uinamishe kisahani kwenye mwanga wa dirisha. Nimepandisha joto kwa nyuzi mbili.

Alhamisi, 6 Novemba

Hakuna kitu.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua siku ya nne mfululizo, na Kumi na Saba hataki kuota.

Nimefikiri usiku na mchana. Agari ni ileile. Chakula ni kilekile. Mikono ni yangu na naiamini. Kilichobaki ni vyombo, na vyombo anaviosha nani? Nikachukua chupa moja kabatini, nikatia maji, nikatikisa. Povu. Kidogo, lakini povu. Sabuni huua bakteria mvivu kama huyu kabla hajafumbua jicho.

Nikafungua daftari la maabara nikaandika: "Koloni 17 imekufa. Vyombo vina mabaki ya sabuni. Kosa la Bi Mannoubia." Nikatia sahihi na tarehe. Kisha nikampelekea Profesa.

Alisoma yote. Akamwita. Bi Mannoubia alisimama na aproni yake, mikono myekundu kwa maji ya moto.

"Mannoubia, vyombo hivi umesuuza mara ngapi?"

"Mara tatu, Bwana Tijani. Kama siku zote."

"Povu linatoka wapi?"

Alinitazama mimi, si Profesa. "Hiyo chupa ni ya kabati la kushoto. Kushoto ni zinazosubiri kusuuzwa. Nani kaichukua kushoto?"

Sikujua kama kuna kushoto na kulia. Lakini neno lilikuwa limeshaandikwa, na la daftari la maabara halifutwi. Profesa akasema kwa sauti ndogo kwamba kwa sasa, mpaka Emna amalize, Bi Mannoubia akae stoo apange vifaa. "Kwa sasa tu," akasema.

"Miaka ishirini na sita," alisema Bi Mannoubia, akavua aproni akaikunja vizuri, pembe kwa pembe.

Jumanne, 11 Novemba

Nimesuuza kila chombo mara sita kwa mkono wangu. Nimefungua kichupa cha friza. Vilikuwa sita, vimebaki vitano.

Jumatatu, 17 Novemba

Bi Mannoubia amerudi kutoka kwao mikono mitupu. Profesa kanywa kahawa ya maji ya mashine, akatazama ndani ya kikombe kama aliyedondosha kitu. "Hii nini?"

Jumanne, 18 Novemba

Kichupa cha kwanza kimetoa vitone vilivyopauka. Nimehamisha.

Jumanne, 25 Novemba

Hakuna kitu. Kahawa mbaya. Vimebaki vinne.

Ijumaa, 28 Novemba

Barua pepe kutoka Ujerumani. Wana adabu watu wale, wanakuua kwa adabu. "Tumejaribu mara tatu kwa kufuata maelekezo yenu. Hakuna uotaji wa kudumu. Tunasikitika kwamba hatuwezi kupokea sampuli isiyo hai."

Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi.

Alhamisi, 4 Desemba

Japani nao. Maneno machache zaidi.

Ajabu ni kwamba karatasi zake zote zinazidi kuwa nzuri. Jenomu nzima, yaani jeni zake zote, imesomwa, na hakuna aliyemkaribia. Asidi zake za mafuta zina mpangilio ambao haumo kwenye vitabu. Kila mashine inasema huyu ni mpya, ni mpya, na mimi sina hata mmoja aliye hai mezani. Ni kama kuwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto ambaye humwoni. Na sheria ya watu wa fani hii haina huruma: bila kiumbe hai hakuna jina.

Ijumaa, 5 Desemba

Vimebaki vitatu. Nimebadilisha chakula.

Ijumaa, 12 Desemba

Hakuna. Vimebaki viwili. Sivigusi tena mpaka nijue ninachofanya.

Bi Mannoubia kaanza likizo ya kuvuna zeituni leo, kama kila mwaka. Alipita kuaga maabara nzima, akamwambia Profesa ale vizuri, akamwambia mlinzi asisahau paka. Kwangu akasimama kidogo. "Kidudu hakijaamka?"

"Bado."

"Maskini," akasema, na naapa alimaanisha. Nilijisikia vibaya siku nzima, kisha nikamkasirikia kwa kunifanya nijisikie vibaya.

Jumatano, 17 Desemba

Sikukuu ya Mapinduzi, maabara imefungwa. Nimekwenda Ain Draham.

Wazo langu lilikuwa kuchimba upya chini ya mwaloni uleule, nianze mwanzo, kana kwamba Machi na Januari ni jirani. Niliondoka alfajiri kwa teksi ya pamoja. Baada ya mji wa Béja mvua ikawa theluji nyepesi. Nilipofika msituni viatu vyangu vya mjini vilikuwa vimeshakubali kufa. Mti niliupata kwa alama ya rangi nyeupe ya waambuaji. Shina lake lililoambuliwa lilikuwa jekundu. Nikapiga magoti kwenye tope, nikachimba, nikajaza mirija mitano, na nilipoinuka sikuwa na habari njia iko upande gani.

Mwanamke aliyebeba kuni ndiye aliyeniona. "Wewe wa nani?"

"Nafanya kazi na Bi Mannoubia, Tunis."

"Aa, wa Mannoubia!" Akatua kuni zake, akanishika mkono kama mtoto aliyepotea sokoni, na baada ya robo saa nilikuwa mbele ya nyumba ambayo nisingethubutu kuigonga kwa hiari yangu.

Bi Mannoubia alikuwa uani anachambua majani kwenye zeituni. Akanitazama kutoka viatu kwenda juu.

"Shikamoo," nikasema. Safari hii nilianza mimi.

"Marahaba. Sfax imefika mlimani! Ingia kabla hujaganda, kaka zangu watasema nimeua mtu wa serikali."

Akanivua viatu, akanipa soksi za sufu za marehemu mumewe, akaniweka karibu na moto. Hakuniuliza nimefuata nini. Akaleta mkate wa moto na mafuta mapya, mabichi, yanayochoma koo, kisha kahawa.

Nilikunywa funda moja. Ilikuwa kahawa ya Oktoba. Mwezi mzima tumekuwa tukinywa kitu cheusi tukikiita kahawa, na hii hapa ndiyo yenyewe, na ndani ya kichwa changu kukatulia kimya kabisa. Lini kahawa iliharibika? Alipoacha kuleta madumu. Lini Kumi na Saba alianza kupauka? Nilipoanza kumwaga visahani mwenyewe, kwa maji ya mashine.

"Bi Mannoubia, visahani vya Machi ulivimwaga kwa maji gani?"

Alikuwa ananimiminia tena. Mkono ukasimama.

"Kwa nini unauliza?"

"Naomba uniambie tu."

Akaliweka birika chini, akakaa, akajifuta mikono kwenye gauni japo ilikuwa mikavu. "Mashine ilikuwa imekufa. Nikashuka kwa watu wa kemia. Siku ya kwanza wakanipa. Siku ya pili yule kijana wao mwenye miwani akaniambia, 'Mama wa usafi, maji haya si ya kudekia, usirudi tena.' Mama wa usafi! Mimi nimewafundisha walimu wake kushika chupa. Sikurudi. Wewe ulikuwa juu ya kichwa changu, visahani kesho, visahani kesho. Nikaangalia dumu la kahawa. Maji ya chemchemi yetu ya Ain Rihana, babu yangu kayanywa mpaka miaka tisini na tatu. Nikayachemsha mara mbili, nikamwaga visahani."

"Mpaka Oktoba?"

"Mpaka siku uliponiambia umeamua."

"Na kwenye maelekezo nikaandika maji ya mashine. Nimewatumia Wajerumani. Nimewatumia Wajapani." Sauti yangu ilipanda bila ruhusa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Na kwa nini hukuniuliza?" Hakupandisha sauti hata kidogo, na afadhali angepandisha. "Kidudu kilipougua uliuliza kila mashine mle ndani. Mimi hukuniuliza. Uliandika. Niliona ulivyobonyeza kalamu, Emna. Kosa la Bi Mannoubia. Basi nikasema moyoni, kama kosa ni langu, na maji yangu nayarudisha kwetu."

Kisha akaongeza, akitazama moto, "Na nilikosea kweli. Ningesema mwezi wa Machi. Niliona haya. Mwanamke mzima, kufukuzwa mlangoni kwa sababu ya dumu la maji."

Nililia mbele yake, makamasi na yote, na yeye akanipa pembe ya kitambaa chake cha kichwani akasema nisimalizie machozi yote kwake, nibakize ya kumwambia Bwana Tijani. Halafu akasimama akachukua madumu.

"Haya, inuka. Chemchemi iko karibu, na giza la Desemba halina subira."

Tulikwenda pamoja. Ain Rihana ni bomba la jiwe tu linalotoa maji kwenye ubavu wa mlima, limezungukwa na vichaka vya mihadasi. Maji yalikuwa baridi mpaka meno yakauma. Nilijaza madumu mawili, nikaomba nibebe yote mawili, akakataa.

Alhamisi, 18 Desemba

Amekatisha likizo akaja nami. Tumefika saa tano. Profesa alitaka kuuliza, Bi Mannoubia akamwambia, "Kunywa kahawa kwanza." Akanywa. Hakuuliza.

Nilichukua aproni yake stooni mwenyewe nikamletea. Amemwaga visahani kumi na viwili, nusu kwa maji ya Ain Rihana, nusu kwa maji ya mashine, na mimi nikaandika kila hatua na kila jina la maji. Nimefungua kichupa cha tano. Kimebaki kimoja.

Ijumaa, 19 Desemba

Siku ya kwanza. Hakuna, na haiwezekani kuwepo, lakini nimetazama mara nane.

Jumatatu, 22 Desemba

Siku ya nne. Hakuna. Bi Mannoubia kaweka kiti mbele ya kabati la joto akaniambia nikae nacho au nitoke nje, anachoka kuniona nikipita.

Jumatano, 24 Desemba

Siku ya sita. Hakuna. Mvua ya kufa mtu.

Alhamisi, 25 Desemba

Siku ya saba. Waridi! Kwenye sita vya chemchemi, vyote sita, waridi ile ya Machi. Kwenye sita vya mashine, ukungu mwembamba uliopauka.

Nilipiga ukelele. Profesa alikuja na kiatu kimoja. Bi Mannoubia alitazama kisahani akakigonga kwa kucha. "Tazama kinavyojidai. Kilikuwa na kiu tu. Kiu ya maji ya kwao."

Ijumaa, 2 Januari

Amehamishwa, ameota tena, mnene. Watu wa kemia wamepima maji ya Ain Rihana. Aliyepanda kutuletea majibu ni yule kijana mwenye miwani. Bi Mannoubia alimpokea karatasi akamwambia, "Ahsante, baba wa usafi." Hakuelewa. Mimi nilijificha nyuma ya friza kwa kicheko.

Majibu: yana chembe za madini adimu, lantani, yanayotoka kwenye mawe ya mlima. Nimetia tone la lantani kwenye maji ya mashine, tusubiri.

Jumatatu, 5 Januari

Vichupa vipya vimeondoka, Ujerumani na Japani, safari hii na chupa ya maji kila kimoja na maelezo ya kweli. Siku ishirini na sita zimebaki.

Ijumaa, 9 Januari

Ameota kwa tone la lantani. Basi ndiyo hiyo. Bila madini hayo haishi, na hiyo ni sifa ya kwanza ya spishi yake, kubwa kuliko rangi na umbo. Kama mashine isingekufa Februari, au kijana yule angekuwa na adabu, nisingemwona kabisa.

Jumatatu, 12 Januari

Tumegombana, mimi na Profesa. Alisoma makala yangu akapiga mstari chini ya aya moja.

"Hii ya fundi kutumia maji ya kahawa, ya nini? Andika: baada ya kujaribu maji ya vyanzo mbalimbali, iligundulika kuwa..."

"Hatukujaribu, Profesa."

"Tumejaribu Desemba."

"Desemba tulihakikisha. Kuona aliona yeye."

"Hakuona, Emna! Alikosea!"

"Alikosea, na mimi nikakosea, na wewe ukamtoa kwenye kazi yake. Nikiandika moja niandike yote. Na jina lake nataka liwe kati ya waandishi."

Alivua miwani. Mzee huyu ananipenda na ana sifa ya kulinda, na nilijua ninachomwomba. "Watatucheka," akasema. "Kahawa, kwenye makala ya sayansi."

"Wacheke wakimwotesha. Bila maji yale hawamwoteshi, na sisi tunabaki waongo wenye adabu."

Alivaa miwani tena. Kisha akasema nitoe neno "kahawa" niweke "maji ya chemchemi yaliyokuwepo maabara", na mengine yabaki. Nimekubali. Kahawa itabaki humu.

Jumatano, 14 Januari

Jina. Nilimwambia Bi Mannoubia tunataka kumpa bakteria jina lake. Alinishika bega kwa hofu ya kweli.

"Jina langu kwenye kidudu? Mwanangu, umechanganyikiwa? Kule kwetu watasema Mannoubia amekuwa ugonjwa! Mtu akikohoa, ana mannoubia! Hapana, hapana, hapana."

Profesa alicheka mpaka kikombe kikamwagika. Ndipo akamkumbusha Bi Mannoubia alichosema siku ya Noeli ya Wakristo, kwamba kilikuwa na kiu. Profesa anajua Kilatini. Kumi na Saba ataitwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya mwenye kiu: *sitiens*. Bi Mannoubia alilijaribu mdomoni mara mbili. "Hilo sawa. Hilo halikohoi."

Ijumaa, 23 Januari

Cheti cha Ujerumani. "Sampuli hai, safi, inaota vizuri." Nimekisoma kwa sauti korido nzima.

Jumatatu, 26 Januari

Japani kimya. Theluji imefunga barabara ya Ain Draham, Bi Mannoubia hajafika.

Jumatano, 28 Januari

Kimya. Sili.

Alhamisi, 29 Januari

Kimefika saa sita na dakika kumi. Cheti cha pili. Nilikimbia ngazi kwenda ofisi ya kamati, nikaweka vyeti viwili na makala mezani, karani akagonga muhuri huku anatafuna sandwichi. Muhuri umeelekea upande. Ndiyo muhuri mzuri kuliko yote niliyowahi kuona.

Mama amelia kwenye simu. Kisha akauliza kama nimepata mtu.

Ijumaa, 30 Januari

Barabara imefunguka. Bi Mannoubia kafika saa nne na madumu yake, theluji kwenye kilemba. Nilimpa shikamoo kabla hajavuka mlango, nikampokea madumu, nikamwonyesha makala, pale penye majina: langu, lake, la Profesa. Alilisoma lake kwa kidole, herufi kwa herufi, akanirudishia.

"Vizuri sana," akasema, kwa upole wa mtu aliyepewa zawadi isiyo saizi yake.

"Shangazi, niambie. Unataka nini? Chochote nikiweza."

Alifikiri wakati anafunga aproni. "Lile daftari."

Nilijua lipi. Nililileta, nikafungua tarehe kumi Novemba. Kosa la Bi Mannoubia. Kalamu yangu ilikuwa imebonyea mpaka ukurasa wa nyuma.

Daftari la maabara lina sheria yake. Hufuti, huchani, hupaki rangi. Unapiga mstari mmoja juu ya neno, mwembamba, ili la chini liendelee kusomeka, unaandika lililo sahihi kando, unatia sahihi na tarehe, na shahidi anatia yake. Nikapiga mstari. Kando nikaandika: "Chanzo ni badiliko la maji, lililofanywa nami. Vyombo vilikuwa safi." Nikatia sahihi.

Aliinama karibu. "Mbona bado linasomeka?"

"Ndiyo sheria, shangazi. Halifutwi."

Alilitazama kwa muda. Nilidhani nimemwumiza upya. Kisha akavuta kiti akakaa, akanyoosha mkono.

"Basi lisomeke. Lete kalamu."

Akaandika pole pole, kwa mkono uliojaa mikwaruzo ya miti ya zeituni, jina lake kamili, Mannoubia bint Lazhar Khemiri, shahidi. Miaka ishirini na sita ameyabeba madaftari haya, ameyafuta vumbi, ameyapanga kwa mwaka, na hii ndiyo mara ya kwanza mkono wake kuandika ndani yake. Alipuliza wino ukauka. Akalifunga, akalirudisha rafuni mahali pake, akachukua dumu moja akaenda kumchemshia Profesa kahawa.